Wasikilizaji wa Voi

Marungu,
kwa Posta ya Voi.
9 Februari 2025

Mpwa wangu Ndanu,

Salamu nitazileta chini kidogo. Leo naanza na jambo nililolificha tangu mwaka wa themanini na mbili. Nikianza na salamu nitaongea habari za mvua na mbuzi mpaka karatasi iishe. Najijua.

Santuri za mama yako hazikuisha. Ziko hapa nyumbani kwangu, maboksi saba, na nyingi hazijawahi kutolewa kwenye majalada yake. Ile meza ya ukutani yenye kitambaa cha maua, unapoweka kikombe chako kila ukija, si meza.

Sasa salamu. Mimi ni mzima kwa kiasi cha mtu wa miaka themanini na minne. Moyo umechoka. Daktari wa Voi aliniandikia kwenye karatasi, kwa mwandiko mzuri kuliko wa madaktari wengi, kwamba dawa zitausukuma lakini hazitaufanya mpya. Tembo waliingia shambani kwa Maundu wakala mahindi yote na kuacha ndengu, naye anasema ni dharau. Tryphena jirani yangu anakusalimu sana.

Turudi kwenye maboksi. Unajua wakati ule nilikuwa nafundisha fizikia, na jioni nafungua duka langu la santuri karibu na stesheni. Kampuni ya Nairobi ilipotoa albamu ya mama yako Katunge, ile Bomba Linapita, nyimbo kumi, iliniletea mia moja na hamsini. Lazima ujue jinsi walivyohesabu. Hawakuuliza nani amenunua. Waliangalia ngapi zimetoka ghalani kwao, na mwisho wa mwaka ngapi zimerudishwa na wenye maduka. Zisizorudi ndizo zilizouzwa. Mwimbaji aliyerudishiwa nyingi hakuitwa tena studio.

Watu wa Voi walikuja. Wakaishika albamu, wakaigeuza, wakasoma majina, wakauliza kama iko ile ndogo ya nyimbo mbili. Haikuwepo. Niliuza kumi na tisa. Mwisho wa mwaka sikurudisha hata moja. Nilizilipia kimya kimya na kuwaandikia kuwa zimeisha.

Katunge alishuka na treni ya asubuhi, akaingia dukani hata kabla ya kuweka mzigo chini. "Kaka, zimebaki ngapi?"

"Hakuna."

"Hata moja?"

"Hata moja."

Akamnunulia soda kila mtu aliyekuwa dukani, hata askari wa reli aliyekuwa ameingia kukwepa jua. Alikufa akiamini hivyo, na ndivyo alivyowahadithia ninyi. Sikutaka uyakute maboksi baada ya mazishi yangu udhani nilimfichia dada yangu mali yake kwa wivu. Niambie niyafanyeje.

Usinipigie simu. Niandikie. Habari kama hizi zinataka karatasi.

Mjomba wako,
Mulinge


Bristol,
4 Machi 2025

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Sisi huku ni wazima, baridi inakaribia kuondoka, na Lewis ameng'oka meno mawili ya mbele. Nilipomsomea habari za Maundu aliuliza kwa nini tembo hawapendi ndengu. Nimemwambia atakuja kuwauliza mwenyewe.

Barua yako niliisoma nikiwa nimekaa kwenye ngazi, koti bado mwilini. Kwanza nilikasirika. Nilimkumbuka mama akiwaambia wageni, kila Krismasi, "Yangu iliisha yote, Voi waligombania." Halafu nikakumbuka vikombe vyote vya chai nilivyoviweka juu ya hiyo meza, nikacheka mpaka Lewis akatoka chumbani kuniangalia.

Sasa nisikilize, kwa sababu sidhani unajua ulichonacho. Huku kuna watu wanaotafuta santuri za zamani za Afrika, na ile ambayo haijawahi kuchezwa wanaitamani kama dawa. Nimezungumza na kampuni ndogo, watu wawili na mbwa wao, wanaotengeneza upya albamu zilizopotea. Wameisikia sauti ya mama. Wanaitaka.

Unakumbuka Krismasi ya mwaka juzi nilikuandikia kwamba nimeiweka albamu mtandaoni kutoka kwenye kaseti ya mama? Nilikuambia kwamba kwa nusu mwaka ilisikilizwa mara sitini na tatu, na nyingi za hizo zilikuwa zangu mwenyewe. Nilikuandikia kwamba niliona kama mama amekufa mara ya pili. Naona aibu sasa kwa maneno yale. Mjomba, si sitini na tatu tena. Ni elfu thelathini na moja. Nina ukurasa unaonionyesha hesabu zote, hata mji anakosikiliza mtu. Wa kwanza si Nairobi, wala si Machakos. Ni Voi.

Nikueleze hesabu za siku hizi, maana najua utataka kujua. Kampuni zenu zilihesabu zilizotoka ghalani. Baadaye Wamarekani wakaanza kuhesabu pale kaunta, mashine inaposoma ile mistari myeusi ya nyuma ya albamu, na ghafla ikaonekana kwamba watu wengi waliodhaniwa wanauza hawakuwa wakiuza. Sasa hakuna anayenunua kitu. Wanahesabu kila mara wimbo unapochezwa. Wakitaka kulinganisha na zamani, husema mara elfu moja na mia tano ni sawa na albamu moja. Kwa hiyo elfu thelathini na moja zetu ni albamu ishirini tu. Usicheke. Ni ishirini ambazo hakuna mtu aliyezitafuta kwa miaka arobaini.

Ni kina nani hao wa Voi, mjomba? Wewe unajua kila mtu mpaka Maungu. Niulizie.

Na jambo lingine. Waifai niliyokulipia ili tuonane kwa video huitumii. Nikipiga unapokea, unatabasamu, unasema "sawa, sawa," unakata. Lewis anadhani una hasira na meno yake.

Wako,
Ndanu


Marungu,
20 Aprili 2025

Mpwa wangu Ndanu,

Nakuandikia siku ya Pasaka, nimetoka kanisani. Pasta Sifuna alihubiri muda mrefu, mikono ikienda huku na huku. Kisha akanishukuru mbele ya watu wote kwa sababu nawachajia majirani simu bila malipo kwa ile sola ya paa langu. Waliinuka kupiga makofi, nami nikainuka pia kabla ya kuelewa kwamba ni yangu. Mvua imefika. Ndengu za Maundu zimeota vizuri, anasema safari hii tembo wataona haya. Tryphena ananitania kwamba namnyamazia kama mume aliyemwacha Webuye, lakini anaendelea kuniletea uji. Mwambie Lewis kwamba sina hasira na meno yake. Hata mimi nilikuwa nayo zamani.

Umeandika kuwa elfu thelathini na moja ni albamu ishirini. Ishirini. Niliuza kumi na tisa kwa mkono wangu.

Nikusimulie namna tulivyokuwa tukidanganywa na hesabu hata bila kutaka. Mwaka wa sabini na nne au na tano, wafanyakazi wa shamba la mkonge walikuwa wakija kununua santuri na hawana gramafoni. Gramafoni ilikuwa moja, kwenye baa ya shambani. Lakini mwenye baa alikuwa na sharti: alicheza santuri ya mtu aliyekuwa anakunywa, si nyingine. Kwa hiyo kila mtu alitaka nakala yake, jina lake limeandikwa kwa kalamu katikati, na mwenye baa alizipanga kwenye rafu kama vikombe vya wateja. Niliuza nakala arobaini za wimbo mmoja kwa baa moja. Kampuni ikadhani Voi imeingia wazimu kwa wimbo ule. Walikuwa wanaume arobaini, kila mmoja akitaka usiku mmoja aonekane kuwa ni yeye aliyeuleta muziki.

Sasa maboksi. Nilikuambia mia moja na hamsini, na bila shaka umejiuliza yamekuwaje saba. Niliporipoti kuwa zimeisha, Nairobi ilifurahi. Kituku, aliyekuwa akituletea mizigo ya kampuni kwa gari, alisimama mlangoni kwangu miezi miwili baadaye, akipangusa jasho. "Mwalimu, watu wako wa Voi wana masikio," akasema, akaanza kushusha mia mbili nyingine. Ningesema nini? Nilimsaidia kushusha. Nilipohamia huku Marungu nilikuja nazo zote usiku mmoja na gari la kukodi, mama yako asizione, na alipokuja kunitembelea nilimtolea kiti kibovu. Akakataa. Akakaa juu ya boksi, akainua miguu, akanywa chai yake hapo. Alilikalia jioni nzima. Alisema ni kiti kizuri.

Usifikiri hakupendwa. Zilipokuja kaseti, mtu mmoja pale stendi alikuwa akinakili chochote ukimpelekea kaseti tupu, na wimbo wa Bomba ulipanda milima yote. Nani aliuhesabu? Mwaka wa tisini na moja nilikwenda Mghange kwa matanga, nikamsikia Katunge jikoni. Niliingia. Mwanamke aliyekuwa akimenya viazi, Carolyne jina lake, alikuwa na redio ya betri na kaseti iliyonakiliwa kutoka kwa iliyonakiliwa, mpaka sauti ya dada yangu imekuwa nzito kama ya mwanamume. Juu ya kaseti alikuwa ameandika "Yule mama." Nilimuuliza kama anajua ni nani. Akasema hajui, lakini akiimba kuhusu maji ya chemchemi ya Mzima yanayopita chini ya miguu yetu kwenda Mombasa wakati sisi tunanunua ya mkokoteni, yeye huacha kazi. Na kweli aliacha. Alishika kisu hewani mpaka ubeti ukaisha.

Kuhusu Voi, mji umekua sana. Siwezi kujua kila mtu.

Mjomba wako,
Mulinge


Bristol,
2 Juni 2025

Mjomba wangu,

Shikamoo. Tumepata jua hatimaye, na Lewis anajifunza kuendesha baiskeli kwenye korido kwa sababu nje kuna kilima. Nilimwonyesha picha yako ile ya dukani, akauliza kama ile suruali ilikuwa ya kwako kweli.

Habari ya Carolyne nimeisoma mara nyingi. Nimewasomea wale wa kampuni kwa Kiingereza, na mmoja wao, mwanamke, akatoka nje kidogo na mbwa wake, akarudi macho mekundu.

Wamekubali. Watachapa mia tano, jalada lile lile, mama amesimama kando ya bomba na kofia ya baba yenu. Kilichowashawishi si sauti peke yake. Albamu imefika mara elfu sitini, na karibu zote ni Voi. Walisema hawajawahi kuona mji mdogo ukimshikilia mwimbaji wake namna hii. Kwa sababu hiyo mia mbili kati ya hizo mia tano zitaletwa Voi. Nitakuja nazo Desemba. Tutafanya sherehe, tutaweka spika barabarani, na nitasimama niwaambie watu hao kwamba mimi ni mtoto wake.

Sharti ni moja. Kampuni ni ndogo, haiwezi kubeba hasara. Zitakazobaki zitakuwa zangu, nami nitazilipia. Nitaweka rehani akiba yangu yote, ile ya nyumba ya pale kando ya kisima ulipowahi kunionyesha. Najua utauliza kama nimefikiri. Nimefikiri. Mama aliimba albamu moja maishani mwake, na ukitafuta jina lake kwenye orodha yoyote ya muziki wa Kenya halipo, kana kwamba alikuwa anapika tu. Nataka liwepo. Nyumba inaweza kusubiri, au isiwepo. Nimeamua.

Lakini hujanijibu swali. Nilikuuliza ni kina nani wa Voi, ukaniambia mji umekua. Wewe hujawahi kunijibu hivyo. Nitatia sahihi mwisho wa Agosti. Kabla ya hapo nataka angalau jina moja, mtu mmoja nimwandikie asante.

Wako,
Ndanu


Marungu,
30 Juni 2025

Ndanu,

Salamu kwenu wote. Nililazwa hospitali kwa muda, sasa nimerudi nyumbani. Naandika nikiwa kitandani, niwie radhi kwa mwandiko huu. Mbuzi ni wazima.

Usitie sahihi mpaka upate barua yangu nyingine. Sababu ipo. Kila nikiianza naona ni ndefu kuliko pumzi niliyo nayo, lakini nimeamua kuimaliza na nitaimaliza.

Suruali ilikuwa ya kwangu.

Mulinge


Bristol,
21 Julai 2025

Mjomba,

Pole sana. Nimelia, halafu nimemtumia Tryphena ujumbe, naye ameniambia unakula na unamkatalia uji wa wimbi, kwa hiyo nimetulia kidogo. Lewis amekuchorea tembo anayekula ndengu. Picha yake nimeiweka humu.

Lazima nikuandikie jambo hili, ingawa sitaki. Mimi hutazama ukurasa wa hesabu kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, kama mtu anavyochungulia mtoto aliyelala. Katikati ya Juni Voi ilinyamaza. Haikupungua, ilinyamaza. Hakuna aliyesikiliza wimbo hata mmoja. Nilidhani waifai ya mji mzima imeharibika. Kisha siku moja wasikilizaji wote wakarudi pamoja, kama watoto wa shule baada ya likizo.

Nilimuuliza Tryphena kama kulikuwa na shida ya mtandao. Alinijibu, "Huku kila kitu kilikuwepo isipokuwa mzee."

Sitaki kukisia. Nimekujua tangu nizaliwe. Ulinifundisha mimi kwamba kipimo kisichojulikana kimetoka wapi si kipimo. Sasa nataka uniambie wewe, kwa mkono wako, na si Tryphena wala ukurasa wangu. Wale wa kampuni wananingoja. Usiponijibu nitatia sahihi, kwa sababu mama yangu amengoja vya kutosha na sitamwangusha kwa ajili ya wasiwasi wa moyo wangu.

Wako,
Ndanu


Marungu,
10 Agosti 2025

Mpwa wangu Ndanu,

Nakusalimu wewe na Lewis. Tembo wake nimembandika juu ya kitanda, ana meno mengi kuliko tembo wa kweli. Mvua imekoma, ndengu zimevunwa, na Maundu ameniletea debe moja la bure, naona amesikia kutoka kwa Tryphena jinsi nilivyo. Nimepungua sana. Naandika nusu saa, napumzika, naandika tena. Barua hii imeanza Jumatatu, na leo ni Jumapili.

Usitie sahihi. Hakuna wasikilizaji Voi. Ni mimi.

Uliponiandikia Krismasi ile kwamba albamu imesikilizwa mara sitini na tatu na kwamba umeona mama yako amekufa mara ya pili, nilikaa na barua yako siku nzima. Nilijua hesabu ya namna ile inamfanya nini mtu. Nilikuwa nimeiona dukani kwangu, waimbaji wakija kuuliza zimebaki ngapi. Na nilikuwa na waifai uliyonilipia, inawaka taa ukutani bure.

Huku Marungu wengi hawana umeme. Walikuwa wakinilipa kidogo kuchaji simu kwa sola yangu. Niliwatangazia kuwa sasa ni bure. Wakaja mpaka wa kule ng'ambo ya reli, wanaacha asubuhi, wanachukua jioni wakitoka shambani au sokoni. Niliwaambia niachieni namba ya kufungulia, niangalie kama moto unaingia vizuri, nao waliniamini kwa sababu nilikuwa mwalimu wa fizikia. Tryphena alinitajia yake akicheka: mwaka aliookoka. Pasta Sifuna aliandika yake kwenye kikaratasi.

Kila simu niliiunganisha na waifai yako, nikafungua Bomba Linapita, nikaiacha icheze kutoka wimbo wa kwanza hadi wa kumi na kurudi. Nilipunguza sauti karibu na mwisho, lakini si mpaka mwisho, kwa sababu nilisoma mahali kwamba iliyozimwa kabisa haihesabiwi. Nilizipanga ndani ya boksi tupu la santuri, nikafunika blanketi. Jioni nilifunga kila kitu, nikafuta alama zote, nikawapa wenyewe simu zao. Walinishukuru. Kanisa likanipigia makofi.

Nilikuwa nimekusudia kufika sawa na zile kumi na tisa, kisha niache. Sikujua ile hesabu ya elfu moja na mia tano mpaka uliponiandikia. Nimewasumbua majirani mwaka mzima kwa albamu arobaini. Chini ya kitambaa cha maua zipo zaidi ya mia tatu.

Lakini aibu haikunishika hapo. Ilinishika ulipoandika kwamba watachapa mia tano na mia mbili zitakuja Voi. Niliisoma nikamwona Kituku amesimama mlangoni anapangusa jasho. Mara ya kwanza nilidanganya ili Katunge asiumie, na malipo yake yakawa maboksi mengine. Sasa nimedanganya ili wewe usiumie, na maboksi yako njiani tena, na safari hii yatakula nyumba yako. Nikinyamaza nitakuwa nimekujengea meza nyingine ya kuwekea vikombe. Sitaki. Nimezeeka, lakini sijazeeka kiasi cha kurudia kosa hilo mara ya tatu nikiliona.

Waandikie wale watu wawili na mbwa wao. Waambie ukweli wote, hata wa blanketi. Wakikataa, wamekataa hesabu yangu, hawakukataa sauti ya mama yako. Yule mwanamke alitoka nje macho mekundu kwa ajili ya Carolyne, si kwa ajili ya elfu sitini. Wakubali hata hamsini. Mwombe Mungu wakubali hamsini.

Na maboksi haya nimekuachia wewe kwa wosia, ameshuhudia Pasta Sifuna, ambaye nimemweleza habari za simu yake. Nilimpa kikaratasi chake kile kile, akaandika nyuma yake kwamba angependa kuusikia huo wimbo aliousikiliza mwaka mzima. Njoo Desemba kama ulivyopanga. Usiweke spika barabarani. Panda Mghange, umtafute Carolyne au watoto wake, umpe ya kwanza. Nyingine zitoe moja moja, kwa mwenye gramafoni na asiye nayo, huyo umchezee wewe mwenyewe. Sharti lako liwe moja: ukae naye mpaka wimbo uishe. Akiacha kazi aliyokuwa akifanya, mhesabu. Asipoacha, usimhesabu. Hata wakiwa saba tu, hao ni saba, na utaweza kusimama mbele ya mtu yeyote na kuwataja kwa majina. Jina la mama yako lianzie hapo. Ndiyo hesabu pekee ambayo mimi sikuwahi kuifanya, na nilikuwa na duka miaka kumi na minane.

Nyumba ijenge. Kisima bado kina maji.

Nakuombea, wewe na mtoto.

Mjomba wako akupendaye,
Mulinge

Nyongeza. Nilikuwa nimeifunga bahasha, nimeifungua tena, kwa sababu najua ukiipata hii utapiga simu. Usipige. Nitatabasamu na kusema sawa, sawa, kama siku zote, nisijue umesema nini. Masikio yangu yalikufa yote mawili mwaka ule wa korona, na sikumwambia mtu ila daktari. Anayesimama mbele yangu nasoma midomo yake, lakini kwenye simu siwezi. Simu zile zilipokuwa chini ya blanketi nilikuwa naingiza mkono na kuweka kidole nyuma ya kila moja. Ikitetemeka nilijua Katunge anaimba. Wenyewe walikuwa shambani. Katika mara zote zile elfu sitini, Ndanu, hata mimi sikumsikia.